Jua la Utosi Saa Nane Mchana: Niliyojifunza Kwenye Milima ya Granada

Mtu yeyote huku Hispania akishajua kwamba kwetu ni Marangu, hachelewi kuniuliza Kilimanjaro nimeipanda mara ngapi. Sijawahi. Nimekulia migombani, mlima nikiuona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na waliokuwa wakiupanda ni wageni na wapagazi, wakiwemo wajomba zangu wawili. Kutembea milimani kwa raha zangu nimeanzia ugenini, kwenye Sierra Nevada, kusini mwa nchi hii. Huu ni mwaka wa saba naishi Granada, na miwili kati ya hiyo nilikaa kijiji cha Bubión, hukohuko mlimani. Wadogo zangu wanaokuja kusoma hunitumia ujumbe: dada, tupeleke. Nitawapeleka. Ila kwanza tuelewane kuhusu saa.

Sisi tumezoea jua lenye adabu. Linachomoza saa kumi na mbili na kitu, linazama saa kumi na mbili na kitu, Januari mpaka Desemba, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya hilo. Huku Juni jua linazama saa tatu na dakika arobaini usiku, na Desemba linachomoza saa mbili na robo asubuhi. Tena Hispania kwenye ramani iko usawa mmoja na Uingereza, lakini tangu 1940 inafuata saa ya Ujerumani, na kiangazi ikifika saa inasogezwa mbele zaidi. Kwa hiyo mwezi Julai, jua kufika juu kabisa ni kama saa nane na dakika ishirini mchana. Miezi yangu ya kwanza niliwacheka wenyeji kwa kula chakula cha mchana saa nane, tisa. Kumbe wanakula jua likiwa utosini, kama bibi yangu tu, sema saa ya ukutani ndiyo inayosema uongo.

Hili si la kufurahisha baraza. Mtu wa kwetu akiambiwa aepuke joto la mchana, hujipumzisha saa sita, saa nane anaona jua limeshapoa, anaanza kupanda. Huku saa nane ndiyo kwanza adhuhuri, na joto kali kabisa linakuja saa kumi, kumi na moja jioni. Julai na Agosti toka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, na ikifika saa saba uwe umeshakaa kivulini. Maduka ya vijijini nayo yanafungwa kama saa nane mpaka saa kumi na moja, kwa hiyo mkate na maji nunua asubuhi. Usigonge mlango wa mtu katikati ya hapo. Wamelala, na wana haki.

Sasa niwaambie kosa langu. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, msimu mzuri kuliko yote: majani ya michestnati, miti ya zile njugu kubwa za kuchoma, yamekuwa rangi ya dhahabu, na chini njia nzima imejaa maganda yenye miiba. Jumamosi moja tulizunguka bonde la Poqueira kutoka Capileira, kijiji kilichoko mita 1,436, tukarudi saa moja jioni bado tunaonana nyuso. Jumamosi iliyofuata nikaenda peke yangu, njia ileile, saa zilezile. Katikati ya Jumamosi hizo mbili ikapita Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo nchi nyingi za Ulaya zinarudisha saa nyuma. Simu ilijirekebisha yenyewe usiku, mimi sikujirekebisha. Saa kumi na mbili na robo jua likazama nikiwa ng'ambo ya bonde, na kwenye korongo kama lile giza halisubiri jua lizame. Mlima unaliziba mapema.

Hapo ndipo nikajifanya Mchaga. Nikaona mfereji wa maji, mkavu, unakwenda sawasawa kwenye ubavu wa mlima. Kwetu mfereji unaishia shambani kwa mtu, na penye shamba kuna nyumba. Nikaufuata. Uliishia shambani kweli, ila shamba lenyewe lilishaachwa miaka mingi: matuta ya mawe yamebomoka, michongoma imefika kifuani. Vijana walihamia mijini, matuta ya namna hiyo yamejaa mlima mzima. Taa za Capileira nilikuwa naziona mbele yangu, ng'ambo, karibu kiasi cha kuita mtu akaitika, na katikati yetu kuna korongo. Simu asilimia tisa, mtandao hakuna. Nikarudi nilikotoka, hatua kwa hatua, mpaka njia panda. Kijijini niliingia saa nne usiku, mikono imechanika, basi la Granada limeondoka zamani. Mama mwenye nyumba ya wageni aliponiuliza kwetu wapi, nikajibu Afrika Mashariki, nikaishia hapo. Kilimanjaro sikuitaja.

Kwa hiyo taa ya kichwani iwe ndani ya begi hata kama mnatoka asubuhi, na mtu mmoja aliyebaki awe anajua mnapita wapi. Kilimanjaro huwezi kupanda bila mwongozaji, na getini unaandikishwa. Huku hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna anayekuhesabu ukiingia wala ukitoka. Njia zimechorwa mistari kwenye mawe na miti: mweupe na mwekundu ni njia ndefu, kama GR 7, mweupe na wa njano ni njia fupi. Mistari hiyo ikipishana kama alama ya kukosea hesabu, maana yake si huku, rudi. Nami usiku ule naamini niliipita alama hiyo kwa sababu nilikuwa naangalia mfereji. Ukipata shida kubwa, namba ni 112, bure, na inapokea hata kama mtandao unaoonekana si wa kampuni yako. Penye korongo lisilo na mtandao wowote, panda kidogo ndipo upige.

Baridi ndiyo watu wetu wanaidharau, kwa sababu wameambiwa kusini ni pwani na jua. Kilele cha Mulhacén, hukuhuku Sierra Nevada, kina mita 3,479, na siku ya hewa safi ukiwa juu unaona bahari na milima ya Morocco. Lakini theluji ikishaanguka, mchana jua linaiyeyusha juujuu, usiku inaganda, asubuhi mteremko mzima ni kioo. Ukiteleza hapo hakuna cha kushika. Kama hujafundishwa kutembea na vyuma vya meno chini ya viatu, kuanzia Novemba mpaka Mei baki chini, kwenye njia za vijiji. Wala si adhabu. Februari mpaka Aprili, ukipita kwenye misonobari, usiguse wale viwavi wanaokwenda wamefuatana mkia kwa kichwa. Wanawasha vibaya kuliko wa kwetu, na mbwa akiwaramba unaweza kumpoteza.

Chakula: asiyekula nguruwe asiseme tu hali nyama. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa, hasa ya kijiji cha Trevélez, kwao haihesabiwi kama nyama. Utaletewa maharage yana vipande juu na mhudumu akushangae unavyoshangaa. Taja nguruwe kwa jina lake: sin cerdo, bila nguruwe. Viazi vyao vya kukaangwa na pilipili hoho havina neno.

Na salimia. Njiani kila mtu anasalimiwa, na asiyesalimia anaonekana ana kasoro, kama kwetu tu. Mkiagana ni hasta luego, na hiyo hasta wanaisimu wanasema inatokana na Kiarabu hatta, mamaye hata yetu. Azúcar ni sukari, ojalá ni jamaa wa inshallah. Waislamu walikaa milima hii karne nyingi, mpaka uasi wa 1568 uliposhindwa na watu wa vijiji hivi wakahamishwa kwa nguvu. Maneno yakabaki, na mifereji ikabaki. Inaitwa acequia, Kiarabu hichohicho. Baadhi yake hufanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia Marangu: theluji ikiyeyuka, maji yanapelekwa kwa makusudi juu huko kwenye ardhi inayonyonya, yanazama, yanatembea chini kwa chini, na kiangazi yanatokea kwenye chemchemi za chini wakati mito imepungua.

Jirani yangu wa Bubión, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa na zamu ya maji usiku. Nikamwomba nimshikie taa. Akaniambia njoo saa kumi alfajiri. Nilifika saa kumi juu ya alama, nikakaa kwenye jiwe, nikasikiliza vyura saa nzima. Alipotokea na jembe begani alinishangaa: mbona mapema? Kumbe saa yake ya mkononi haijasogezwa kiangazi hata kimoja tangu aanze kuivaa. Akang'oa bamba la jiwe, akaliegemeza upande wa pili, akaziba mianya kwa matambara na udongo, vilevile babu yangu alivyokuwa akiziba mfongo, mfereji wetu wa Kichaga, kwa gogo la mgomba na matope. Maji yakasita, yakageuka, yakaingia kwenye nyanya zake.