Maswali na Majibu: Tazama Shingo Kwanza

Swali: Hapa Tanga nimeona kunguru mwenye kifua cheupe. Ni mvi za uzee?

Jibu: Si mvi. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hakutazama vizuri. Mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe uliozunguka hadi mgongoni ndiye kunguru wetu wa asili. Yule mwembamba, mweusi usoni, kijivu shingoni, ni mgeni: aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na humfukuza kunguru mwenyeji. Nakubali apunguzwe. Lakini anayetega sumu bila kujua shingo ipi ni ya nani anaua mwenye nyumba pamoja na mvamizi, nami nimeshaokota mizoga yenye kifua cheupe.

Swali: Nitatofautishaje jike na dume?

Jibu: Kwa manyoya, huwezi. Wanafanana.

Swali: Eti kunguru ni ndege mwimbaji? Na ile sauti?

Jibu: Ndiyo. Kiungo chake cha sauti kipo pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na misuli yake ni ya ndege waimbaji. Mgeni hulia "kaa, kaa" ya puani. Mwenyeji sauti yake ni nzito, ya kukwaruza. Jifunzeni kwa kusikiliza. Kuwapigia sauti za simu karibu na kiota ni kuwasumbua wazazi, acheni.

Swali: Je, jei, wale ndege wa bluu wa Amerika ya Kati, ni ukoo wa kunguru?

Jibu: Ukoo mmoja. Na bluu ile si rangi iliyomo ndani ya unyoya: ni mwanga unaotawanywa na vitundu vidogo mno vilivyomo humo. Usage unyoya, bluu inapotea. Anayenishangaza zaidi ni jei wa kahawia, anayepatikana Mexico hadi Panama. Kifuani ana mfuko wa hewa, na akipiga kelele unasikia mlio mfupi kama wa kwikwi. Ukimtazama picha tu humjui hata nusu. Na msiniulize bei: ndege wa msituni hafugwi tunduni.

Swali: Lushoto nimeona kunguru mkubwa, mdomo mnene sana.

Jibu: Ncha ya mdomo ilikuwa nyeupe? Kisogo je? Kama vyote viwili vyeupe, ni kunguru wa milimani. Kama hukutazama, rudi na darubini.