Bando la usiku na ukurasa wa tatu

Wiki mbili nzima nilifungua PDF ileile ya takwimu kwenye simu na kuishia ukurasa wa tatu. Somo lenyewe halikuwa gumu. Nikifika hapo macho yanasoma, kichwa hakipo.

Ilikuwa 2020, nyumbani Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Vyuo vya Kenya vilifungwa Machi, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa tarehe 13, tukarudi makwetu na begi moja moja tukidhani ni likizo ya mwezi. Aprili Kilifi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na masomo yakahamia kwenye simu. Bando la usiku lilikuwa nafuu, basi nikawa napakua mihadhara kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kafyu ikiisha alfajiri, mama ananiamsha tukateke maji. Kwake mtu aliyeshika simu hana kazi, na simlaumu.

Kufikia Julai, sauti 43 za wahadhiri zilikuwa zimelala WhatsApp sijazisikiliza. Nikaambiwa nipumzike. Nikalala wiki nzima, nikaamka nimechoka vilevile. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu wa namna hii kwa mambo matatu: nguvu kukuishia, moyo kuikataa kazi yako, na kujiona hufanyi la maana. Wao wanazungumzia watu wa ajira, lakini mwanafunzi anayesaka mtandao chini ya mwembe atajitambua humo.

Chuoni siku ilikuwa na mwisho. Unatoka ukumbini, unapiga stori kwenye foleni ya chapati na ndengu, somo limekwisha. Nyumbani hakikwisha kitu. Simu ya kusomea ndiyo iliyoleta hesabu ya waliokufa.

Kwa hiyo ukichoka hivyo, korona iwepo isiwepo, uipe siku yako mwisho unaoonekana kwa macho. Mimi niliazima kiti cha plastiki kwa shangazi nikakiweka nyuma ya nyumba. Kivuli kikifika banda la kuku, kiti kinarudi ndani, hata mhadhiri awe katikati ya sentensi. Ratiba nikaibandika mlangoni, na mama akawa mkali kuniliko, anafukuza watoto wa jirani kwa mwiko.

Zile sauti 43 nilizifuta. Niliomba daftari la mwenzangu, basi. (Ukifika mahali hata kuoga kunakushinda, au unatamani usiamke, achana na kiti, nenda kliniki siku hiyohiyo.)

Halafu mwandikie mhadhiri kabla ya mtihani. Chuoni kwetu ukiomba mapema unafanya special, yaani mtihani uleule siku nyingine, na alama zako zinahesabiwa zote. Ukinyamaza ukafeli ni supp, mtihani wa kurudia, na hata ukipata 80 inaandikwa 40. Mimi nilinyamaza. Kwenye transkripti yangu ipo 40 moja, ya takwimu.