Mnaoingia kwenye kamati na bodi mwaka huu, njooni niwaambie

Mabinti zangu, na nyinyi mama wenzangu mliochaguliwa juzi juzi, hongereni. Mimi nimeanza kukaa kwenye kamati nikiwa na mtoto mgongoni na sasa huyo mtoto ana ndevu. Nilianzia kikundi cha mama karanga hapa Lamu, sisi tunaongoja boti ufuoni tununue samaki tukaange, nikaingia BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, halafu bodi ya shule, na katikati nikafanya hoteli Malindi miaka sita. Kwa hivyo haya sikuyasoma mahali, na mengine nimeyalipia.

La kwanza hakuna mtu aliyeniambia. Kikao cha saa nne asubuhi sicho kinachoamua mambo, mambo yanaamuliwa usiku baada ya isha, barazani. Wanaume wakitoka msikitini wanakaa pale na kahawa yao, wanaongea mpira, wanaongea bei ya kamba, katikati ya hayo mmoja anasema lile la kesho tufanye hivi, mwengine anaitikia, imekwisha. Asubuhi wewe unakuja na daftari lako na hoja umezipanga, unashangaa ajenda ya tatu imepita kwa dakika mbili na kila mtu anatikisa kichwa. Mwaka mzima nilidhani mimi ndiye mzito wa kuelewa.

Sasa hutaenda kukaa barazani, utapewa majina. Fanya hivi: dai ajenda siku tatu kabla, hata kwa WhatsApp, halafu usiku wa kuamkia kikao nawe piga simu. Usiwapigie wote, wawili wanaosikilizwa wanatosha, mwambie unataka nini na umuulize yeye anaonaje. Na kazi hii tunaiweza jamani, nionyesheni harusi Lamu iliyopangwa siku ya harusi, nani atapika na nani ataleta sahani huwa imekwisha zamani, lakini tukiingia kamati ya pesa za watu ati tunangoja tuulizwe.

La pili ni maji. Watu wa Malindi mtacheka, nyinyi mna barabara na tuktuk. Lakini mwanamke wa Faza ama Kizingitini akija kikao Lamu anakuja kwa boti, na boti inafuata kujaa na kupwa. Kikao kikiwekwa saa nane mchana halafu kianze saa tisa kwa sababu mheshimiwa amechelewa, huyo harudi kwake siku hiyo. Mwanamume atalala kwa rafiki yake yaishe. Mama wa watoto wanne atalala kwa nani, na nyumbani aseme nini? Akikosa mara tatu anaandikwa hana bidii, nafasi anapewa mwengine. Nimemuona mama mmoja hodari, hesabu za samaki anazijua kuliko mwenyekiti, katolewa hivyo hivyo na hakuna aliyeona vibaya, hata mimi sikusema kitu siku ile na mpaka leo nikikutana naye sokoni naona haya. Basi kikao cha kwanza tu, kabla ya jambo lolote, ulizeni kuhusu saa. Na nauli ya boti iandikwe kwenye bajeti. Watacheka. Wacheke.

Halafu watakufanya sekretari ama mweka hazina. Kuna dada zetu wanasema kataa, hiyo ni kazi ya kutuweka chini, mimi naona chukua, manake anayeandika kumbukumbu za kikao ndiye anayejua kilichokubaliwa, na ugomvi ukitokea wote wanakuja kwako. Chai ndiyo usimimine, watafute mtu.

Lakini uweka hazina una mtego wake. Mwaka wangu wa kwanza mwenyekiti wa kikundi alinijia nyumbani jioni na kitabu cha cheki, mtu mzima, ananiita mwanangu, akasema tia sahihi hizi tano kabisa tusiwe tunakusumbua kila siku una watoto wadogo. Nami nikaona huruma hiyo, nikatia. Cheki tupu. Miezi minne baadaye pesa za friza hazipo na sahihi iliyopo ni yangu, na maneno yote ya mjini yalikuwa juu yangu, ati mwanamke kapewa pesa kazila. Yeye jina lake halikutajwa hata siku moja. Nililipa kidogo kidogo kwa samaki nilizokaanga mwenyewe. Kwa hivyo cheki tupu usitie sahihi hata aje na mamako mzazi, na M-Pesa ya kikundi isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama huyo mtu ni wewe.

Mambo ya kaunti nayo, wengi wetu tunaenda siku ya kupewa leso na soda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya sera ya fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Sasa wewe ukienda Juni kupiga kelele kuhusu barafu ya samaki ama choo cha wasichana, pesa zilishagawanywa kitambo. Sisi tulikwenda Juni miaka mitatu mfululizo! Tulipokwenda Agosti, tumeandika ukurasa mmoja tu na bei tumeweka, ndiyo mara ya kwanza afisa alitutolea kiti.

Kazi za kampuni ni hadithi nyengine. Kule Malindi hoteli nyingi zilikuwa na wageni wa Italia, Kiitaliano nilikijulia jikoni na mapokezi, nikawa supavaiza, na kila menja mpya akija mimi ndiye namfundisha kazi. Wamekuja watatu hivyo. Nilipouliza nikaambiwa menja lazima akae usiku na wewe ni mke wa mtu. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza, walishanijibia. Kosa langu mimi nilingoja waone bidii yangu, nikakaa nazo hizo bidii miaka sita bila kuandika barua hata moja. Andika. Omba cheo kwa barua, weka kopi, uliza nafasi ilitangazwa wapi na vigezo ni vipi. Wakikataa wakatae kwa maandishi, sababu ya mdomo huwa inabadilika kila wiki.

Na msitishwe na wanaosema wanawake wa pwani hawana historia ya kuongoza. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija karne ya 18. Mekatilili wa Menza mwaka 1913 aliwainua Wagiriama dhidi ya Waingereza, wakamkamata wakampeleka mpaka Kisii. Karibu zaidi na sisi, angalieni hili maana lina somo ndani yake: Aisha Jumwa alikuwa mwakilishi wa wanawake Kilifi 2013, akachukua ubunge wa Malindi 2017. Ruweida Obo alikuwa mwakilishi wa wanawake Lamu 2017, akachukua Lamu Mashariki 2022. Sisemi mkubaliane na siasa zao, nasema waliingia kwa kiti cha wanawake, watu wakawazoea kuwaona, halafu wakaenda kushindana na wanaume kwenye kiti cha kila mtu. Amina Mnyazi akachukua Malindi 2022 na hapo wala watu hawakushangaa tena.

Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini kule bunge la taifa hilo limewashinda mpaka Jaji Mkuu Maraga mwaka 2020 akamshauri rais alivunje. Kwenye bunge la kaunti kuna dawa yake, viti vya kuteuliwa. Hapo ndipo mabinti wengi wanadanganywa. Unaambiwa wewe piga kampeni, jina lako liko kwenye orodha ya chama. Uliza maswali mawili. Niko namba ngapi? Na chama kitashinda wadi ngapi? Manake viti hivyo vinagawanywa kufuatana na wadi ambazo chama kimeshinda, na Lamu nzima ina wadi 10 tu, sasa chama kisichopata hata wadi moja wewe kukiongoza orodha ni sawa na kupewa funguo ya nyumba haijajengwa. Orodha inapelekwa IEBC, tume ya uchaguzi, kabla ya uchaguzi, kwa hivyo anayekwambia atakuingiza baada ya matokeo anataka kura zako tu. Na ukiteuliwa watakuita bonga points, zile pointi za bure za simu. Sikia tu halafu uingie kamati ya bajeti.

Kuna binti muuguzi wa serikali aliniuliza jetini wiki iliyopita kama agombee udiwani, boti ikaondoka sijamaliza kumjibu. Mwanangu, ada ya IEBC siyo itakayokumaliza, kwa udiwani mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 na wanawake walilipa nusu. Cha kufikiria ni kwamba mtumishi wa umma anatakiwa ajiuzulu miezi sita kabla ya kura, na uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo mshahara unakatika Februari. Kaa chini na mumeo na mamako mhesabu Februari mpaka Agosti mtakula nini na nani atawatazama watoto ukiwa Basuba ama Kiunga siku tatu, na mkimaliza hesabu hiyo nipigie, namba yangu dada yako anayo.