Redio ya mtandaoni inakatakata kwenye kompyuta ya nyumbani, na bando nimeshaongeza

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Dodoma, nyumbani tuna kompyuta ya mezani, Windows 10, inapata intaneti kwa Wi-Fi ya rauta ya laini. Mzee wangu ni mtu wa Unguja na kila jioni namfungulia redio za kwao. Sasa moja ikianza inaenda vizuri sekunde chache tu alafu inakata, inazunguka, inarudi, inakata tena, na usiku ndo balaa kabisa. Nyingine ukurasa unafunguka ila ukibonyeza pleya kimya, wala haikwambii kosa ni nini. Nimenunua bando kubwa zaidi hamna kilichobadilika. Kwenye simu yangu app za hizo redio zote mbili zinapiga bila shida. Ninunue kompyuta nyingine?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kompyuta usinunue, na hilo bando usiliongeze tena, maana watu wengi wanapoteza hela hapohapo kwa kudhani redio inakata kwa sababu spidi ni ndogo. Redio nyingi za mtandaoni zinatumwa kwa kilobiti 64 au 128 kwa sekunde, basi. Hiyo ya 128 inakula kama MB 58 kwa saa nzima, ya 64 nusu yake. Laini ya megabiti moja tu inabeba redio saba za hivyo kwa wakati mmoja. Kwahiyo spidi unayo na inabaki, unachokosa ni mtiririko usiokatika, na hivyo ni vitu viwili tofauti, unaweza kuwa na laini ya spidi kubwa ambayo kila baada ya muda inadondosha data sekunde tatu nne, video ya YouTube haitakuonyesha hilo kwa sababu inavuta mbele kwa wingi, ila redio ya moja kwa moja haiwezi kuvuta kitu ambacho mtangazaji hajakisema bado.

Ndo maana unasikia vizuri mwanzoni alafu inakata. Seva nyingi za redio, zinazotumia Icecast kwa mfano, hiyo ni programu ya kurushia redio mtandaoni, ukishaunganishwa zinakurushia kwanza fungu la sauti, kwa kawaida kama kilobaiti 64 (baiti moja ni biti nane), ili pleya ianze haraka. Kwenye redio ya kilobiti 128 fungu hilo ni sekunde 4 hivi, kwenye ya 64 ni sekunde 8. Zile sekunde nzuri za mwanzo ni akiba tu, ikiisha ndo unaanza kusikia hali halisi ya njia yako.

Sasa hiyo simu yako, samahani, haijathibitisha kitu bado. Inawezekana inatumia bando lake yenyewe, sio Wi-Fi ya rauta, na tena unatumia app wakati kompyuta inatumia brauza. Zima data ya simu, iunge kwenye Wi-Fi ileile, ikae palepale ilipo kompyuta, usikilize ile redio inayokata kwa brauza, sio app, nusu saa wakati wa usiku. Ikipiga safi, shida iko kwenye kompyuta. Ikikata nayo, shida ni rauta au laini.

Alafu fanya kipimo hiki, mimi ndo nakiamini kuliko hizo tovuti za kupima spidi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, enter. Andika ipconfig, utafute mstari wa Default Gateway, hiyo namba ndo rauta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Sasa andika ping -n 100 ikifuatiwa na hiyo namba, itatuma vifurushi vidogo 100 vya data na kusubiri majibu, usubiri imalize, uangalie mwisho imeandika Lost ngapi, yaani vilivyopotea. Ukimaliza rudia ila safari hii weka 8.8.8.8, hiyo iko nje ya nyumba yako. Fanya saa ileile redio inapokatika, sio asubuhi wakati mtandao umetulia. Kama ya rauta yenyewe inapoteza, au muda wa kujibu unaruka kutoka 3 ms (milisekunde) mpaka mia na kitu, basi data inapotea humohumo chumbani na kampuni ya simu haihusiki. Kama ya rauta ni sifuri na ya nje ndo inapoteza, hapo ni laini, na usiku mnara unaelemewa maana kila mtu yuko nyumbani, sogeza rauta dirishani, na kama ina 4G na 3G ifunge kwenye 4G ili isiwe inarukaruka.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi nahisi ni chumbani. Kompyuta za mezani nyingi hazina Wi-Fi ya ndani, zinatumia kile kidude kidogo cha USB. Angalia kimechomekwa wapi. Mara nyingi nakikuta nyuma ya sipiyu, chini ya meza, kimebanwa kati ya bati la kompyuta na ukuta, na bati linazuia mawimbi. Mbaya zaidi kikiwa kwenye tundu la USB la bluu, ile USB 3, tundu hilo likiwa linafanya kazi, hasa ukiwa na diski ya nje imechomekwa pembeni, linatoa kelele za mawimbi zinazoingilia Wi-Fi ya 2.4 GHz. Kihamishie tundu jeusi la mbele, au bora zaidi tumia waya wa kurefusha USB ukiweke juu ya meza kikiwa kinaiona rauta. Kisha ingia Device Manager, Network adapters, bonyeza mara mbili jina la hicho kidude, nenda Power Management utoe tiki pale pameandikwa Allow the computer to turn off this device to save power. Kama rauta iko karibu na ina tundu la waya, achana na hayo yote, chomeka waya, umemaliza.

Cheki pia kama kuna kinachopandisha data kimyakimya, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Windows) inapeleka picha, apdeti za Windows. Task Manager, safu ya Network, utamwona mhusika.

Ukisharekebisha njia, ongeza na akiba. Pakua VLC, ni pleya ya sauti na video, ya bure. Bonyeza Ctrl na N, bandika linki ya redio, chini weka tiki Show more options, utaona Caching imeandikwa 1000 ms yaani sekunde moja tu, ifanye 8000 au 10000. Ni kama nyumba yenye simtanki, bomba likikatika kidogo waliomo ndani hawajui. Ila ujue redio itachelewa zaidi kidogo nyuma ya wakati halisi. Na kwa kuwa mzee anasikiliza Unguja, mwezi wa Ramadhani msifuturu kwa adhana ya redio hiyo, jua la Dodoma linazama kama dakika 14 baada ya la Unguja, fuateni ya hapo mtaani.

Hiyo redio ya pili inayokaa kimya ni ugonjwa mwingine kabisa. Mara nyingi inakuwa hivi, tovuti yao ina https, yaani njia iliyofungwa kwa usalama, lakini sauti yenyewe bado wanaitoa kwa http ya zamani isiyofungwa, mara nyingi na namba kama :8000 mwishoni. Chrome tangu 2020 inailazimisha sauti ya namna hiyo ipite https, ikishindikana inaizuia, na msikilizaji haambiwi lolote. App haina sheria hiyo ndo maana simu inapiga. Kuhakikisha, fungua ukurasa wa redio, bonyeza F12, nenda Network kisha Media, ubonyeze pleya, linki itatokea hapo. Inakili uipeleke VLC, na kama brauza imeigeuza kuwa https na VLC inakataa, irudishe iwe http. Wakikupa faili la .pls au .m3u usihangaike, lifungue kwa Notepad, ndani ni maandishi tu na linki imo. Kama pleya yao inadai Flash, programu ya zamani ya kuchezea sauti na video kwenye brauza, hiyo ilikufa mwisho wa 2020, hakuna unachoweza kufanya kwenye kompyuta yako, tafuta linki ya moja kwa moja.

Ukiipata ihifadhi kwenye VLC, Media, Save Playlist to File, faili liweke desktop, mzee atakuwa anabonyeza mara mbili tu bila kukusubiri wewe urudi kazini.

Na kama vipimo vyote ni safi alafu redio moja bado inakata, mpigie ndugu aliyeko kwingine asikilize muda huohuo. Ikikata na kwake basi ni intaneti ya studio au seva yao imejaa wasikilizaji, hapo waandikie wenye redio, uwatajie siku na saa kamili, ukisema tu "inakata" fundi wao hana pa kuanzia.