Mpira wa hewa wa tangi utoke nje ya boti

Kaka, umeuliza kama mpira wa hewa wa tangi la petroli, yaani bomba la mpira ambalo tangi hupumulia, unaweza kuishia humo humo chini ya sitaha. Hapana, tafadhali usifanye hivyo! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Mpira huo utoe nje kupitia ubavuni, juu sana ya usawa wa maji. Mafuta yavutwe kwa juu ya tangi, si kwa tundu la chini. Tangi lenyewe lisicheze hata kidogo: niliwahi kukuta la alumini limesuguliwa na kichwa cha skrubu mpaka likatoboka, kitundu kama cha sindano. Usilijaze hadi mdomoni, petroli hutanuka juani. Na kila asubuhi fungua mfuniko wa ngama, nusa kwanza, ndipo upige stata.