Ruta za matawi na handaki la makao makuu: mnauliza, tunajibu

Handaki la VPN (njia ya faragha inayounganisha ofisi kupitia intaneti) limeunganika, ila kompyuta za tawini haziioni seva ya ofisi kuu. Ruta zote ni MikroTik mpya.

Swali hili tena! Mpya, na pande zote mmeacha 192.168.88.0/24, anwani za mtandao wa ndani zilizowekwa kiwandani. Kompyuta ya tawi inadhani seva ni jirani yake, inaitafuta humo humo ndani, na ruta haipelekewi chochote. Kila tawi lipewe mtandao wake: 10.20.1.0/24, 10.20.2.0/24 na kuendelea. Kisha andika njia (route) ya kufikia mtandao wa upande wa pili kwenye ruta zote mbili. Ile ya kurudi, ya makao makuu, ndiyo husahauliwa.

PPTP, aina ya zamani ya VPN, ina ubaya gani? Ni rahisi kuiweka.

Ulinzi wa nywila zake, MS-CHAPv2, ulivunjwa hadharani mwaka 2012. Iondoeni.

Tawi linatumia laini ya 4G. Makao makuu yataipigiaje ruta yake ili kuanzisha handaki?

Hayapigi. Ukiona ruta imepewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, jua mnaigawana na wateja wengine wa kampuni ya simu, na hakuna anayeweza kuingia kutoka nje. Tawi ndilo lipige. Kwa WireGuard, aina mpya ya VPN (ipo kwenye RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik; toleo la 6 halina), fungua poti ya UDP 51820 makao makuu, ambako lazima kuwe na anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje. Upande wa tawi weka persistent-keepalive (ishara ya kuliweka handaki hai) ya sekunde 25, la sivyo ruta za kampuni ya simu zitalisahau handaki likikaa kimya. Kwenye allowed-address (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita) ya makao makuu andika anwani ya handaki na pia mtandao wa ndani wa tawi. Ukiuacha huo wa pili, pakiti zinatupwa kimyakimya, nanyi mtailaumu laini bure.

Ping inapita, lakini mfumo wa uhasibu unaganda.

Pakiti kubwa hazipenyi. Jaribu kwenye Windows: ping -f -l 1372, kisha anwani ya seva. Ikikwama, punguza namba hadi ipite, jumlisha 28, hiyo ndiyo MTU yako, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. MSS, kiasi cha data ya TCP ndani ya pakiti hiyo, ni pungufu yake kwa 40. Na acheni kufunga ICMP yote (ujumbe wa ping na wa hitilafu za mtandao) kwenye faiawoli kwa jina la usalama. Ndiyo inayotoa taarifa kwamba pakiti imezidi kipimo.

Nifungue poti 8291 niihudumie ruta ya tawi nikiwa nyumbani?

Hapana. Hiyo ni poti ya Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik. Mwaka 2018 tundu lake la usalama, CVE-2018-14847, liliwaruhusu wavamizi kusoma faili la nywila bila kuingia. Pitia handakini, na uwashe Safe Mode kabla ya kugusa chochote: ukijikatia mawasiliano, mabadiliko yanafutika yenyewe, hakuna wa kupanda basi kwenda kubonyeza kitufe.