Maswali ya Wasomaji: Vigawo vya 6x² − 11x − 10

SWALI: Niko kidato cha pili. Maswali kama x² + 7x + 12 nayaweza: natafuta namba mbili ambazo nikizizidisha napata 12, nikizijumlisha napata 7. Lakini 6x² − 11x − 10 imenishinda. Nimejaribu jozi zote za −10, hakuna inayonipa −11. Nakosea wapi?

JIBU: Njia uliyoizoea inafaa pale ambapo namba iliyo mbele ya x² ni 1. Hapa ni 6, nayo lazima iingie hesabuni: 6 × −10 = −60. Tafuta jozi ya −60 yenye jumla ya −11. Zao (jibu la kuzidisha) ni hasi, kwa hiyo namba moja ni chanya na nyingine hasi. Jumla nayo ni hasi, kwa hiyo kubwa ndiyo inayobeba alama ya kutoa. 1 na −60 zinatoa −59. 2 na −30, −28. 3 na −20, −17. 4 na −15, −11. Ndizo hizo.

Pasua kipande cha kati, kisha panga viwili viwili:

6x² + 4x − 15x − 10
2x(3x + 2) − 5(3x + 2)
(3x + 2)(2x − 5)

Angalia mstari wa pili kwa makini, maana wengi huangukia hapo. Ukitoa −5 nje, −10 inabaki +2 ndani, kwa kuwa −5 × 2 = −10. Ukiandika (3x − 2) mabano hayatafanana, na huwezi kuendelea. Mabano yasipofanana, kagua alama kwanza kabla ya kutafuta jozi nyingine.

Kwa nini tunazidisha 6 na −10? Fungua (px + q)(rx + s): unapata prx² + (ps + qr)x + qs. Namba ya kati ni jumla ya ps na qr. Zizidishe hizo mbili, unapata pqrs. Zidisha ya kwanza, pr, na ya mwisho, qs: ni pqrs ileile. Ukilishika hili, hakuna cha kukariri.

SWALI: Nilijibu 4x² + 10x − 6 = (4x − 2)(x + 3). Nikifungua mabano inarudi sawa, lakini nimekatwa maksi.

JIBU: Ni sawa, ila hujamaliza: 4x − 2 bado inagawanyika kwa 2. Anza kwa kutoa kigawo cha shirika: 2(2x² + 5x − 3), kisha 2(2x − 1)(x + 3). Namba nazo zinapungua, kazi inakuwa nyepesi.

SWALI: Nitajuaje kwamba jozi haipo kabisa, nisipoteze muda wa mtihani?

JIBU: Kokotoa b² − 4ac, ambapo a ni namba iliyo mbele ya x², b iliyo mbele ya x, na c ile ya mwisho. Kwa 6x² − 11x − 10 ni 121 + 240 = 361, yaani 19 × 19; ikiwa namba mraba, vigawo vipo. Kwa x² + 6x + 4 ni 36 − 16 = 20, si namba mraba. Acha kutafuta jozi. Kama swali ni x² + 6x + 4 = 0, tumia kanuni x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a, unapata x = −3 ± √5.